Kinubi cha nyuzi 26, laki nane na nusu, na nyimbo za Waskoti

Mwezi wa pili dalali mmoja wa vitu vilivyotumika, pale Darajani mjini Unguja, alinipigia simu. "Mwalimu, nimepata ganuni iliyosimama wima. Njoo uione kabla sijampa mwengine." Nikenda kwa ajili ya kucheka tu, maana ganuni, chombo cha nyuzi ninachopiga mimi, hulazwa mapajani, haisimami. Nikakikuta kinubi kimeegeshwa baina ya friji na jenereta, kimefungwa kanga kuukuu, kimo chake kinanifika kiunoni. Mgeni mmoja aliyekuwa akikaa Jambiani amerejea kwao na kumwachia dalali auze kila kitu. Bei ya kwanza ilikuwa milioni moja na laki mbili. Tulivutana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, tukamalizana kwa 850,000, pamoja na mkoba wake, ufunguo wa kukazia nyuzi na bahasha nene ya karatasi za nota. Kibandiko cha fundi aliyekitengeneza kimo ndani ya tumbo la kinubi, lakini unyevu umekila, zimebaki herufi mbili. Basi nitakisifu na kukilaumu kama yatima, bila ya kumtaja mzazi.

Nimekaa nacho miezi minane hapa Kikwajuni. Wapigaji wenzangu wananiuliza kila siku kama ni kitu cha kununuliwa. Jawabu ninalo, ila inabidi kwanza niseme nilikitakia nini.

Mwaka juzi hoteli moja ya pwani ya mashariki iliniita kupiga kwenye harusi ya wageni kutoka Edinburgh, Uskoti. Bibi harusi alitaka nyimbo tatu za kwao, kwa kinubi na sauti. Kinubi hatuna, nikenda na ganuni, na mtoto wa kaka'angu akawa ndiye muimbaji. Tulikuwa tumejifunza wiki mbili. Tukapiga, wakatupigia makofi, kisha mama wa bibi harusi akanijia taratibu na kuniuliza, kwa adabu kabisa, kama joto la huku linalegeza nyuzi. Nilipofikiri ndipo nikafahamu: mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ulikuwa umeishusha sauti ya tatu ya ngazi kwa robo ya sauti, ikawa Rast, mojawapo ya ngazi za Kiarabu tunazozipiga kwenye ganuni. Kwangu mimi ile ndiyo sauti iliyonyooka. Kwake yeye chombo kilikuwa kimepotoka. Sikumjibu kitu, nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi mjini jambo lile lilinikaa kooni. Ndiyo maana dalali aliponionyesha kinubi sikuuliza kinatoka wapi.

Chombo chenyewe, basi. Ganuni yangu ina mafungu 26 ya nyuzi, kila fungu nyuzi tatu, jumla 78. Kinubi hiki kina nyuzi 26, uzi mmoja kwa sauti moja. Kusadifu kwa hesabu hii kulinifurahisha nikadhani nimeshafika nyumbani. Nyuzi zote za Do zimetiwa rangi nyekundu, za Fa nyeusi, ili macho yasipotee, na hilo nalisifu bila ya masharti. Nimefundisha watoto ganuni na najua wanavyotanga kutafuta uzi wao. Juu ya kila uzi pana kipini kidogo. Ukikipandisha, kinaubana uzi na sauti inapanda nusu. Sisi wa ganuni tuna vipande vya shaba vingi kwa kila fungu, unapandisha kimoja unapata robo, unapandisha chengine unapata zaidi. Kinubi hakina habari hiyo. Kipini kiko juu au kiko chini. Ukitaka Bayati, ngazi nyengine yenye robo, kalale.

Ujanja wake uko katika namna ya kukipatanisha. Unakaza nyuzi zote vipini vikiwa chini, lakini za Mi, La na Si unazishusha nusu. Kutoka hapo, kwa kupandisha vipini vya sauti moja baada ya nyengine, unapata ngazi kubwa nane tafauti, na nyuzi hukuzigusa tena. Ila kipini cha uzi mmoja hakiuhusu uzi mwengine: ukitaka Fa ya juu na Fa ya chini zipande zote, inua vyote. Katikati ya wimbo mkono wa kushoto unaacha kupiga, unaruka juu, unainua, unarudi. Kwenye kinubi changu vipini vitatu vinapiga kelele kama nzi kwenye chupa kila vikipandishwa, na kimoja cha La kinapandisha pungufu kidogo. Fundi wa saa wa Mchangani alivikaza skrubu vikatulia wiki tatu, kisha nzi akarudi.

Nyuzi ni tatizo jengine. Hizi ni za nailoni, na za chini zimezungushiwa waya. Masika yalipoingia nilikuwa nikipatanisha asubuhi, nikirudi kwenye kinubi baada ya alasiri nakuta nyuzi zimeshakwenda zake. Usiku mmoja Sol ya juu ilikatika ndani ya mkoba, nyumba nzima tukashtuka tukidhani dirisha limevunjika. Seti kamili kutoka Ulaya, pamoja na usafiri na ushuru, ingenimaliza karibu nusu ya bei ya chombo. Nikenda Malindi kwa wauza zana za wavuvi, nikanunua mshipi wa milimita 0.7 na wa 0.8, elfu sita kwa rola. Niwaambie kweli: kwa nyuzi za juu na za kati mshipi unafaa. Unataka siku nne tano za kunyooka kabla haujakubali kukaa mahala, na sauti yake ni kavu kidogo, lakini rola moja inakutosha umri wako. Nyuzi za chini zenye waya hazina mbadala huku. Moja ikikatika, utaagiza na kusubiri.

Na upungufu mkubwa kuliko yote ni huo wa chini. Uzi wa mwisho ni Do iliyo oktavo moja tu, yaani ngazi moja nzima, chini ya Do ya kati. Wimbo ukiwa katika Sol, ule mguu wa kusimamia, Sol ya chini kabisa, haupo. Unajenga nyumba bila ya msingi. Nitalirudia hili.

Sasa kazi yenyewe. Siku za mwanzo nilikipiga kinubi kama ganuni, na yalikuwa makosa matupu. Sauti ya ganuni inakufa upesi, kwa hiyo tumefunzwa kuijaza: unatetemesha risha ya kupigia, unaongeza vinakishi, hukubali pengo libaki wazi. Kinubi kikiachiwa uzi unaendelea kulia wenyewe, na uliofuata unalia juu yake, na wa tatu juu ya hiyo miwili. Beti moja tu, ikawa urojo. Mtoto wa kaka'angu aliacha kuimba akanitazama. "Shangazi, mbona sijisikii?" Na ana sauti ya kupita ukuta, yule.

Kilichonifunza hakikuwa mwalimu, ilikuwa ni ile bahasha. Mlikuwa na nyimbo kumi na moja za Uskoti zilizopangwa kwa kinubi na sauti, zimechapwa vizuri, na mwenyewe wa zamani alikuwa amezichafua kwa penseli. Kila ukurasa amekata nota. Mahala penye sauti nne kwa pamoja amebakisha mbili, penye mteremko mrefu wa mkono wa kulia amefuta wote akaandika duara tupu. Mimi nikajiona mjuzi, nikachukua raba nikaisafisha penseli yote ili niione kazi kama alivyoitaka mpangaji wa muziki. Nilipoteza miezi mitatu. Leo karatasi zile zimejaa penseli tena, safari hii ni yangu, na alama zilizobaki kwa kufifia za yule mwenyewe wa zamani (nakisia ni mama) zinaonyesha kwamba mara nyingi tumekata mahala pamoja.

Mpangaji yule, na wengi kama yeye, anaogopa kimya. Nimesoma kwamba hata mtunzi Beethoven, alipopewa na George Thomson, mchapishaji wa Edinburgh, kazi ya kupanga nyimbo za Kiskoti, mara nyingi alikuwa akitumiwa mahadhi bila ya maneno, na akilalamika kuyataka maneno. Namfahamu kabisa. Utajuaje pa kunyamaza kama hujui muimbaji anasema nini? Yeye alikuwa anaandikia piano, fidla na selo, akaweza kujificha nyuma ya wengi. Kinubi na sauti moja hapana pa kujificha.

Jambo moja liliniokoa, na ni la nyimbo zenyewe zaidi kuliko la chombo. Mahadhi mengi ya Uskoti yana sauti tano tu katika ngazi, na baina ya hizo tano hakuna mbili zilizokaribiana kwa nusu. Maana yake nyuzi ukiziacha zote zilie, hazigombani. Wimbo wa namna hiyo kinubi kinaubeba kwa raha, hata ukizembea. Tabu inaanza kwenye nyimbo za sauti sita na saba. Hapo kila unapopita kutoka Mi kwenda Fa lazima kiganja kirudi kuuzima uzi wa kwanza, na hiyo ndiyo kazi inayochosha, kuzima. Kupiga ni rahisi. Nyengine zinaanzia Re, vipini vya Mi, La na Si vikiwa juu na vyengine vyote chini, yaani Re, Mi, Fa, Sol, na sikio langu likaruka: Nahawandi hiyo, ngazi yetu nyengine! Nne za mwanzo ni zile zile, ila juu zinageuka njia nyengine. Nikaacha kuwaza nota, nikapiga kama ninayeingia Nahawandi kisha nikajizuia mlangoni.

Wimbo wa kwanza tuliomaliza ni "Ae Fond Kiss" wa mshairi wa Uskoti, Robert Burns. Aliuandika 1791 kumuaga Agnes McLehose, aliyekuwa akisafiri kwenda Jamaica aliko mumewe. Ulipochapwa mara ya kwanza uliwekwa kwenye mahadhi yanayoitwa "Rory Dall's Port". Hilo "dall" kwa Kigaeli, mojawapo ya lugha za Uskoti, ni kipofu. Rory Kipofu alikuwa mpiga kinubi. Kwa hiyo unaporudisha wimbo huu kwenye nyuzi unaurudisha kwao. Waimbaji wengi siku hizi wanatumia mahadhi mengine, mepesi zaidi. Sisi tulijaribu yote mawili tukabaki na ya kipofu, ingawa yanataka kifua.

Kilichonishangaza ni mizani. Mshororo una silabi nane, na mkazo wa mwisho unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hiyo si mizani yetu? Kipande cha shairi, nane kamili, na mkazo pale pale panapokaa mkazo wa Kiswahili. Tukatunga maneno yetu, si tafsiri, ni kuagana kwetu wenyewe. Mstari wa mwanzo: "Jahazi limeshatweka, chozi langu ladondoka." Uliingia kwenye mahadhi kama mguu kwenye kiatu chake. Katika mpangilio wangu kinubi kinapiga uzi mmoja wa chini mwanzo wa kila mshororo, na sauti mbili baada ya muimbaji kumaliza neno. Basi. Kwenye karatasi iliyochapwa ukurasa huo ulikuwa na nota nimezihesabu, mia na themanini na kitu. Wangu una arubaini na mbili.

Wa pili ni ule wa kisiwa cha Skye, "The Skye Boat Song". Maneno yake ya Kiingereza ni ya Harold Boulton, ya miaka ya 1880, na kisa ni cha Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyepigania ufalme wa Uingereza, kutoroshwa kwa mashua baada ya kushindwa vitani Culloden 1746, akisaidiwa na Flora MacDonald. Ni mwendo wa makasia. Hapa mkono wa kushoto unataka kufanya wimbi, na nakubali ulifanye, maana bila ya hivyo mashua haiendi. Lakini bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Mkoani, nimevuka ule mkondo wa Pemba mara zisizo idadi, na wimbi halirudi sawa mara mbili. Karatasi inataka wimbi lile lile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama feni ya dari. Nikalivunja: beti ya pili kasia moja linakosa maji. Mzee mmoja wa barazani kwetu aliyesikiliza dirishani akasema, "Huyo nahodha amelewa." Sijabadilisha.

Hapa ndipo upungufu wa nyuzi za chini uliponiuma. Sauti ya mtoto inakaa vizuri wimbo ukiwa katika Sol, na Sol ya kusimamia hamna. Nikajaribu katika Re, akapanda mpaka akawa anapiga kelele. Mwisho tukaweka Fa, nikaacha kutafuta mguu wa chini kabisa, nikatumia Fa ya ndani na Do yake zikilia pamoja bila ya sauti ya tatu. Inasikika tupu, na utupu huo unafanana na bahari. Lakini nisingelazimika kama ningekuwa na nyuzi nane zaidi.

Wa tatu sijui niuseme vipi. Ni wimbo wa kazi wa Kigaeli, wa wanawake wa visiwa vya magharibi, waliokuwa wakikaa kuzunguka meza na kukipiga kitambaa kizito cha sufu kilichoroweshwa kwa mkojo uliokaa siku nyingi, ili kishikamane. (Mtoto hakuamini mpaka nilipomuonyesha.) Mmoja anatoa, wengine wanapokea, mdundo ni wa kitambaa. Kinubi hakimo humo, na anayekitia anapamba. Marjory Kennedy-Fraser, mkusanyaji wa nyimbo, alipotoa kitabu chake cha kwanza cha nyimbo za visiwa hivyo 1909, alizivisha piano zikapendeza sebuleni, na wapo wanaomlaumu mpaka leo; ila binti yake, Patuffa, alikuwa akizipigia kinubi. Mimi nimepiga meza. Kwa kiganja, na majirani wawili wa kike wakipokea, na uzi wa Re na wa La ukiguswa mara moja kila baada ya beti tatu. Kuna silabi nyingi za kupokea ambazo hazina maana yoyote, na majirani zangu walizishika siku moja. Maneno ya kiongozi ndiyo yaliyomshinda mtoto. Waskoti wana ule mkato wao, silabi fupi iliyopigwa kwa nguvu kisha ndefu inayofuata bila ya nguvu, na ulimi wetu unataka mkazo ukae pamoja na urefu. Kila akiimba anaugeuza. Bado tunahangaika.

Tahadhari mbili kwa mnunuzi. Usikipige juu ya paa mwezi wa saba: kusi likivuma, nyuzi zinaimba zenyewe, hujazigusa. Tulikuwa Shangani kwenye paa la nyumba ya wageni, kinubi kikaanza kunong'ona kabla sijakaa, na mhudumu mmoja akaweka sinia chini akashuka ngazi. Na vyumba vya hoteli vyenye kiyoyozi ni balaa, maana ukitoka nje na ubaridi ule ndani ya mbao, nusu saa nzima unakaza nyuzi mbele ya wageni.

Kuhusu vidole: kidole kidogo hakitumiki, kifupi mno. Unapiga kwa ncha ya nyama, bila ya risha, na wiki ya kwanza nilikuwa na malengelenge mawili. Vinubi vya kale vya Uskoti, kama viwili vinavyohifadhiwa katika makumbusho ya taifa Edinburgh, vilikuwa na nyuzi za waya na vikipigwa kwa kucha. Hivi vyetu vya nailoni na vipini ni watoto wa karne iliyopita. Kwa hiyo anayekuuzia kwa kukwambia ni chombo cha kale, mshushe bei.

Kinafaa? Kwa mpiga udi au fidla anayetaka kitu cha kupigia wageni wakati wa chakula cha usiku, hapana. Ganuni ya jirani yake itamfanyia vyema zaidi. Kwa mtu mwenye muimbaji nyumbani, mvumilivu, na asiyeona haya kukaa mikono mitupu huku mwenzake anaimba, ndiyo, hata kwa milioni. Nusu ya pesa niliyotoa naihesabu kuwa ni ya ile bahasha. Nyota tatu na nusu kwa kinubi; zingekuwa nne, nusu nimeikata kwa ajili ya yule nzi.

Yule mama wa bibi harusi nimemtumia "Ae Fond Kiss" kwa simu, sauti peke yake bila ya picha. Amejibu akiuliza maneno ni ya lugha gani, na kama kuna ubeti wa pili. Upo, tunaurekebisha.

Na kama kuna mtu Unguja au Pemba ana kinubi cha nyuzi 34 kimejaa vumbi chini ya kitanda, tuzungumze. Natoa hiki changu na nyongeza, na rola mbili za mshipi.